Mume Aliyeandikwa Hayupo

Simeoni alirudi kutoka mnadani na dume yule yule aliyeondoka naye alfajiri, na kwa kuwa njia ya kutoka Iguguno kwenda kijijini kwake inapita mbele ya maduka, watu wote walimwona. Miaka mingine mtu akirudi na ng'ombe ilieleweka kwamba amegoma kuuza, anangoja bei ipande. Mwaka huu ilieleweka vingine. Mvua zilikatika Februari, mahindi yakiwa yanachanua, na kufika Julai hata mbugani hapakuwa na majani ya kumtosha mbuzi. Kila mfugaji alikimbilia kuuza kabla mnyama hajalala chini, na wanunuzi waliokuja na malori walilijua hilo. Walipita kati ya ng'ombe polepole, mikono mfukoni, kama watu waliokuja kutazama tu.

Mmoja wao alimgonga dume wa Simeoni ubavuni kwa fimbo, akataja bei isiyofika nusu ya bei ya mwaka jana. Simeoni aliomba aongezewe kidogo, akaeleza kwamba ana mtoto sekondari Kiomboi na shule inadai michango ya hosteli. Mnunuzi alihamia kwa ng'ombe wa pili, Simeoni akamfuata, akahamia kwa wa tatu, Simeoni akamfuata tena, akieleza yale yale. Mwishowe mnunuzi alimgeukia kijana wake wa lori akamwambia amwondoe mzee huyu, anamchanganya. Simeoni hakungoja kuondolewa. Alifungua kamba ya dume na kuondoka, na njia nzima aliwaza kwamba angekubali ile bei ya kwanza angalau asingesikia neno lile.

Dina, mkewe, alikuwa uani anapepeta mtama alipowaona wakiingia. Hakuuliza. Alimnawisha mumewe mikono, akamwekea ugali na mlenda, akarudi kwenye ungo wake. Kama angeuliza, Simeoni angepata mahali pa kukasirikia.

Siku chache baadaye Emilian, mwenyekiti wa kijiji, alisimamisha pikipiki yake mbele ya zizi la Simeoni na kumwita pembeni. Alikuwa na habari njema, alisema. Serikali imetoa msaada kwa wafugaji wadogo walioumizwa na bei. Anayeandikishwa atapewa mashudu ya alizeti kwa bei ya ruzuku, karibu na bure, ng'ombe wake watavishwa hereni za utambuzi, na baada ya miezi mitatu ya kunenepesha, mnunuzi aliyetafutwa na serikali atawapima kwenye mizani na kulipa kwa kilo. Hakuna tena mtu kugonga ng'ombe ubavuni na kutaja anachotaka.

Simeoni aliuliza ajiandikishe wapi. Emilian akacheka kidogo. Nafasi za wanaume zilikuwa zimejaa, na ukweli ni kwamba zilijaa kabla tangazo halijabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Kilichobaki ni nafasi za kaya zinazoongozwa na wanawake.

"Mkeo aseme ameachwa," Emilian alisema. "Ni neno tu. Afisa ni mgeni, ametoka Dodoma juzi, hakujui wewe wala hamjui yeye."

Jioni Simeoni alimweleza Dina, kwa Kinyiramba, kama walivyozoea kuzungumza mambo mazito. Alieleza akitazama moto. Dina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza aseme mumewe amekwenda wapi. Geita, Simeoni alisema, machimboni. Watu wengi wamekwenda huko na hawajarudi. Dina akauliza, na wale wanaotujua? Simeoni akasema kila mtu mwaka huu ana shida zake, hakuna wa kuchunguza za mwenzake.

Dina alisukuma kuni motoni. Alimwaza Ritha, binti yao, ambaye alikuwa ametuma ujumbe kwa simu ya mwalimu kwamba wasiolipa michango wanaitwa majina mstarini kila asubuhi. Alijua jinsi mtoto wake anavyoinamisha kichwa akitajwa mbele za watu.

"Nitasema," alimjibu mumewe. "Lakini usije ukaniuliza nilisema nini."

Ofisi ya kijiji ina chumba kimoja na dirisha lisilo na kioo. Siku ya uandikishaji wanawake walikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha hilo, na kila kilichosemwa ndani kiliwafikia. Febronia alifika mapema kuliko wote. Mume wake alikwenda Mpanda kutafuta maisha, Ritha akiwa bado anasoma darasa la pili, na tangu hapo hakurudi wala hakupiga simu. Alikuwa na ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Lakini mwenyekiti alitoka mlangoni na kumwita Dina kwanza, na Febronia akasogeza miguu yake kumpisha.

Afisa mifugo aliitwa Jenipher. Alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, na alimwamkia Dina shikamoo kabla hajamwonyesha kiti. Emilian alikaa pembeni kama mwenyeji. Jenipher aliuliza jina, idadi ya ng'ombe, kisha akauliza mume aliondoka lini.

Dina alikuwa amejiandaa kusema Geita. Alifungua kinywa, na neno Geita halikutoka.

"Aliondoka kidogo kidogo," alisema. "Kwanza aliacha kuniambia mambo. Baba yangu alinipa mtamba nilipojifungua mtoto wetu. Mtamba wangu, si wa ukoo wa mume. Siku moja naenda kuchota maji, naambiwa na wanawake wenzangu kisimani kwamba ameuzwa mnadani. Nimerudi nyumbani nimemkuta mwenzangu amekaa. Nikamngojea aseme. Hakusema. Nikapika, tukala, hakusema. Mpaka leo hajasema. Basi mimi nikajua kwamba huyu mtu ameshaondoka, bado mwili tu."

Jenipher aliacha kuandika. Emilian, aliyekuja tayari kumsaidia pale ambapo angekwama, alitazama vidole vyake vya miguu.

"Na mwili nao ukaondoka?" Jenipher aliuliza taratibu.

"Ndiyo," Dina alisema. "Geita."

Aliandikwa. Ilikuwa nafasi ya mwisho ya wanawake; nyingine nazo zilijazwa kabla ya siku hiyo. Emilian alitoka nje akawaambia waliobaki kwamba wamewekwa kwenye akiba, akitokea mtu wa kujitoa wataitwa. Dina alipopita mbele ya benchi, aliona wenzake wameinama. Febronia peke yake alikuwa amemwinulia uso, akimtazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mwanzoni.

Simeoni hakumuuliza mkewe alisema nini, kama alivyoambiwa. Ni Emilian aliyemwambia, dukani, akiwa amemnunulia soda ya kumpongeza. Alimwambia mkewe ana kipaji, nusura mwenyekiti mzima adondoshe machozi, afisa naye alishindwa kushika kalamu. Akaanza kusimulia habari ya mtamba, jinsi yule mama alivyoitunga vizuri, mpaka kisima, mpaka kupika na kula. Simeoni alishika ile soda mkononi na hakuinywa. Emilian alipoona uso wake akakatisha hadithi, akauliza habari za dume.

Tangu siku hiyo Simeoni alianza kuondoka nyumbani mapema na kurudi jua likizama. Walikubaliana hivyo kwa sababu ya afisa, lakini angefanya hivyo hata bila afisa.

Jenipher alikuja siku ya kuvisha hereni akiwa peke yake kwenye pikipiki. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa. Alipofika kwenye njia panda ya mwisho alimkuta mwanaume amekaa kwenye jiwe, akazima injini na kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Naulizia kwa mama Dina. Yule aliyeachwa na mume."

Simeoni alinyoosha mkono kuelekea nyumbani kwake. Alitaja mti na alitaja bati lililowekewa jiwe juu. Angenyamaza hapo ingekuwa imekwisha, lakini Jenipher aliomba jambo lingine. Hana mtu wa kumshikia ng'ombe, na mama yule yuko peke yake. Je, baba angekubali kumsaidia, atampa chochote cha maji? Simeoni hakuona njia ya kukataa. Akatembea nyuma ya pikipiki mpaka kwenye zizi alilolijenga kwa mikono yake, akasimama langoni akingoja kukaribishwa.

Dina alitoka jikoni. Alimwona afisa, akamwona mumewe nyuma yake.

"Karibuni," alisema. Kisha akamtazama Simeoni na kuongeza, "Karibu, kaka."

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Ng'ombe walitulia kwa sababu waliujua mkono wake, na Jenipher alisifia kwamba mzee huyu anajua mifugo. Wakati akiandaa koleo la hereni aliuliza, kwa mazungumzo tu, kama anamfahamu mume wa mama huyu. Simeoni alijibu kwamba anamfahamu kidogo. Jenipher akauliza ni mtu wa namna gani.

"Si mtu mbaya sana," Simeoni alisema.

Dina alikuwa upande wa pili wa ng'ombe, ameshika kamba. Aliivuta kamba mpaka ng'ombe akapinda shingo.

"Wote wanasemwa hivyo," Jenipher alisema, akabana hereni kwenye sikio. "Mimi baba yangu alituacha. Na kila mtu aliyekuja nyumbani alisema si mtu mbaya sana."

Walipomaliza, Jenipher alitoa noti mfukoni na kumwekea Simeoni kiganjani kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyompa mtu mzima kitu. Simeoni alisema hapana. Jenipher akasema ni ya soda tu, baba. Dina alikuwa anatazama, na Simeoni akaipokea.

Mashudu yalikuja na lori mpaka ofisini, magunia yenye harufu ya mafuta ya alizeti, na Dina akaitwa kwa jina lake na kupokea. Kwa mara ya kwanza tangu Februari ng'ombe wao walicheua wakiwa wamelala kwa raha. Manyoya yalianza kulala. Yule dume aliyedhihakiwa mnadani alijaa mgongoni. Ungedhani nyumba yenye ng'ombe kama hao inacheka. Lakini mle ndani watu wawili walipeana chumvi na maji na taarifa za zizi, basi. Simeoni alijua mkewe anajua kwamba ameshasikia. Dina alingoja aseme neno moja kuhusu mtamba. Simeoni naye kila alipojiandaa kusema, aliona kwamba amechelewa mno kiasi kwamba kusema sasa ni aibu kuliko kunyamaza.

Asubuhi moja ya Jumapili, Simeoni akiwa amekaa uani na kikombe cha chai, Febronia aliingia na ndoo tupu. Hakukuwa na nafasi ya Simeoni kusimama na kuingia ndani. Febronia alimkaribia akampa mkono.

"Shemeji," alisema, "karibu nyumbani. Umerudi lini?"

Simeoni alishika mkono wake.

"Habari za Geita?"

"Nzuri," Simeoni alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na likabaki pale katikati yao.

Dina alikuwa mlangoni, amesikia. Febronia alimgeukia na kumweleza shida yake bila kuzunguka. Ng'ombe wake mwenye mimba amelala tangu jana, hainuki. Amempa majani ya mgomba aliyoombaomba kwa watu, lakini hayali. Anataka ndoo moja ya mashudu, na ananunua, haombi. Dina aliingia ghalani, akajaza ndoo mpaka ikamwagika, akatoka nayo na kumtwisha. Alikataa pesa. Febronia, ndoo ikiwa kichwani, alifungua fundo la kanga kwa mkono mmoja, akaweka pesa juu ya kigoda, akaaga.

Ng'ombe alikufa siku iliyofuata, na ndama tumboni. Alikuwa amekonda muda mrefu mno kwa ndoo moja kumsaidia. Majirani walikwenda kuchuna, kama ilivyo kawaida, na Simeoni naye akaenda na kisu chake, kwa sababu mwanaume wa jirani asipoonekana kwenye kazi kama hiyo watu huuliza kulikoni. Alifanya kazi kwa bidii kuliko wote. Hakuna aliyemtajia Geita. Mwishoni Febronia aligawa nyama ya wachunaji, akamkatia na Simeoni fungu sawa na wenzake, tena akaongeza kipande cha ini.

"Mpelekee mama Ritha," alisema.

Dina aliitazama ile nyama kwenye sinia akasema hataipika. Sinia lilikaa mezani mpaka inzi wakalifunika, na jioni, katika mwaka ambao watoto wa jirani walikuwa wanakula uji wa mtama mara moja kwa siku, Simeoni alichukua jembe akaenda kuifukia nyama nyuma ya zizi. Alichimba akitazama huku na huku, kama mwizi.

Jenipher alirudi kijijini mwezi wa pili wa mradi kukagua maendeleo. Waliopewa msaada waliitwa, wakaketi kwenye mabenchi nje ya ofisi, Dina akiwa mstari wa mbele kwa sababu afisa mwenyewe alimwonyesha pale. Watu wengine walisimama pembeni kusikiliza. Simeoni alijificha nyuma kabisa, kati ya baiskeli.

Jenipher alisoma matokeo. Ng'ombe wengi walikuwa wameongezeka uzito, lakini wa mama Dina wamewapita wote. Akamwomba asimame. Akawaambia watu wamtazame mama huyu, ambaye ameachwa na mwanaume bila msaada wowote, akalea mtoto, akatunza zizi, akashinda hata kaya zenye wanaume wawili watatu. Akaomba wampigie makofi.

Makofi yalianza kwa Emilian, yakafuatwa na machache kutoka huku na kule. Wengine walitazama chini. Dina alisimama mikono yake ikiwa imeshikana tumboni, akitazama ukuta wa ofisi. Febronia naye alikuwepo, amesimama kwenye kivuli cha ukuta, na Simeoni aliona kwamba na yeye anapiga makofi, polepole, kama watu wengine.

Hapo miguu yake ilimpeleka mbele.

"Afisa," alisema. "Huyo mwanaume ni mimi. Mimi ndiye mume wa Dina. Sijaenda popote."

Jenipher alimtazama kwa muda. "Wewe si ndiye baba uliyenishikia ng'ombe?"

"Ndiye."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jenipher alifunga jalada lake. Uso wake ulikuwa umebadilika, akaonekana mdogo zaidi ya umri wake. Hakumgeukia Emilian, ingawa Emilian alikuwa tayari anaeleza kwamba ofisi yake nayo ilidanganywa. Alimgeukia Dina, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na yale uliyoniambia, ya mtamba?"

"Hayo pia ni kweli," Dina alisema, akakaa.

Uamuzi ulitolewa pale pale. Jina la Dina lingefutwa, hereni zingebaki masikioni lakini ng'ombe wao wasingeingia kwenye mizani ya serikali. Magunia yaliyobaki yarudishwe, na yaliyokwisha kuliwa wayalipe. Nafasi ingekwenda kwa aliye wa kwanza kwenye akiba. Jenipher alisoma jina la Febronia na kuuliza kama yupo. Febronia alijibu yupo, kutoka kwenye kivuli, bila kusogea.

Dina alitembea mbele njia nzima. Simeoni alimfuata kwa umbali wa mtu na mkewe waliogombana, ambao kila mtu anaujua. Walipofika mahali pasipo na nyumba Dina alisimama na kumngoja.

"Hata leo hukuniambia," alisema.

Simeoni alieleza kwamba hakupanga. Alishindwa kuvumilia makofi yale.

"Ulishindwa wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Umesema, mwenzangu, umepumua. Mimi niliyekaa mbele, kijiji kizima mgongoni kwangu, ulinifikiria mahali gani? Mtamba uliuza bila kuniambia. Ukweli nao umeutoa bila kuniambia. Ungeniambia jana, leo tungesimama wawili."

Simeoni aliona kwamba ni kweli, na kwamba jambo alilodhani ni la ujasiri lilikuwa lile lile la siku zote. Aliketi kando ya njia. Ndipo alipomweleza habari ya mtamba, baada ya miaka yote hiyo, vumbi likipita juu yao. Alikuwa amelewa siku ile, akalala porini, ng'ombe wakaingia kwenye alizeti ya mtu na kuimaliza. Alitozwa faini. Angeweza kuuza wa kwake, lakini wa kwake walikuwa wanajulikana na kaka zake, wangeuliza. Mtamba wa mkewe hakuwa na wa kumuulizia ila mkewe.

"Na mimi nikauliza?" Dina alisema.

"Hukuuliza."

"Nilikuwa nangoja."

Hakusema kwamba amemsamehe, wala Simeoni hakuomba. Baada ya muda Dina alijipangusa vumbi akamwambia ainuke, ng'ombe hawajanyweshwa.

Walimuuza yule dume mnadani wiki hiyo, mapema, kabla ya muda wa mizani. Walikwenda wote wawili. Bei ilikuwa mbaya, ingawa si mbaya kama ya kwanza kwa sababu dume alikuwa amenenepa kwa mashudu yasiyo yao, na sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kulipia kilicholiwa. Kilichobaki kililipa nusu ya michango ya Ritha. Nusu nyingine Dina alikwenda mwenyewe Kiomboi kuiombea muda kwa mkuu wa shule, na alirudi bila kumwambia mtu yeyote alichoambiwa kule.

Magunia yaliyobaki waliamua kuyapeleka moja kwa moja kwa Febronia, baada ya Jenipher kukubali kwa simu. Simeoni alipendekeza wasubiri jioni. Dina alisema wataenda saa nne, watu wakitoka kanisani. Walifunga maksai kwenye mkokoteni, Dina akashika kamba mbele, Simeoni akatembea nyuma ameshika gunia la juu lisianguke. Mbele ya maduka mazungumzo yalikatika, yakaanza tena walipopita.

Febronia alikuwa anafagia. Aliweka ufagio, akawaonyesha mahali pa kushushia, akasimama akitazama mpaka gunia la mwisho. Hakuwaletea viti. Simeoni alirudi kwenye maksai akajishughulisha na kamba ambayo haikuwa na tatizo.

Dina alipiga goti moja. Alisema amekuja mwenyewe, hakutumwa. Alisema siku ile ofisini alimwona kwenye benchi, alijua nafasi imebaki moja, alijua ni ya nani.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Ulisikia yote. Ungeingia tu ndani ukasema huyu ana mume."

Febronia alikung'uta vumbi mikononi.

"Ningeingia niseme nini? Kwamba mimi ndiye niliyeachwa, si yeye? Mbele ya yule binti? Mama Ritha, ningeonekana nagombania kuachwa."

Dina alibaki na goti lake chini. Febronia alimshika kiwiko na kumwinua, si kwa ukali wala kwa upole, kama mtu anavyookota kitu kilichoanguka njiani kwake. Kisha akamwambia kwamba yule ng'ombe aliyekufa alikuwa na mimba ya miezi saba. Akachukua ufagio wake, na wao wakaelewa kwamba waondoke.

Walirudi na mkokoteni mtupu ukigonga mawe. Karibu na kisima walikutana na mama mmoja mzee wa kitongoji cha jirani, ambaye alikuwa ameweka ndoo chini anapumzika. Wote wawili walimwamkia shikamoo. Aliitikia, akawauliza, kama watu wanavyoulizana barabarani, wametokea wapi na mkokoteni saa hizi.

Simeoni alifungua kinywa aseme wametoka kutembea.

"Tumetoka kurudisha mali ya mtu," Dina alisema, kwa sauti ambayo wanawake waliokuwa kisimani waliisikia.

Mama yule aliwatazama mmoja mmoja, akingoja. Simeoni angeweza kuwapiga maksai kidogo wakaendelea, na hakuna ambaye angemlaumu. Alishika ubao wa mkokoteni.

"Ya Febronia," alisema. "Tulimdhulumu. Mimi na mke wangu."

Mama mzee alisema, "Haya." Akaomba mtu amsaidie kujitwisha ndoo. Simeoni aliacha mkokoteni, akainama, akamtwisha.